Tramu hazikufa siku ya mwisho: jibu kwa kijana anayeandaa filamu ya daladala

"Shikamoo mwalimu. Naishi Kimara na najifunza kutengeneza filamu. Nimetazama filamu mbili kuhusu tramu, yale magari ya abiria yanayotembea juu ya reli barabarani, zilizofutwa mijini. Ya kwanza ni Who Framed Roger Rabbit, ambayo adui ananunua kampuni ya tramu za Los Angeles ili azifute na kupisha barabara ya magari. Ya pili ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, inaonyesha wiki ya mwisho ya tramu za London: wazee wawili wamepanda, watu wanaimba, wanaaga. Kaka yangu anasema hiyo ya kwanza ni historia ya kweli na ilifika hadi mahakamani. Mimi nataka kutengeneza filamu fupi kuhusu daladala za Posta zilizoondolewa Barabara ya Morogoro mwendokasi ulipoanza mwaka 2016. Babu yangu mwenyewe aliwahi kuendesha basi la UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam. Nimeshaanza kuandika: kuna tajiri mbaya, na mwishoni konda analia. Lakini nahofia nadanganya. Je, filamu hizi za tramu zinasema ukweli? Na mimi nifuate njia ipi?"

Marahaba, kijana wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama filamu za tramu zinasema ukweli, ila nahisi kinachokunyima usingizi ni kingine: kwamba ukimweka tajiri mbaya na konda anayelia, utawasingizia watu ambao bado wapo, wengine mnapishana nao kila asubuhi kituoni. Hofu hiyo ni nzuri kwa mtu anayeshika kamera, wala usiitupe. Tuanze na historia, maana ukishaijua tutaelewana vizuri kuhusu konda wako.

Kaka yako hajakosea kabisa. Kesi ilikuwepo. Marekani kulikuwa na kampuni iliyoitwa National City Lines, ambayo ilikuwa ikinunua makampuni ya usafiri ya mijini na kuingiza mabasi mahali pa tramu. Waliotia fedha ndani yake walikuwa na bidhaa za kuuza: General Motors na Mack walitengeneza mabasi, Firestone matairi, na Standard Oil ya California na Phillips walikuwa na mafuta. Mwaka 1949 walitiwa hatiani mjini Chicago. General Motors ilitozwa faini ya dola 5,000, na maofisa waliohusika dola 1 kila mmoja. Mtu akisikia faini ya dola 1 anaruka kitini, na ana haki ya kuruka.

Lakini tazama walihukumiwa kwa kosa gani, maana hapo ndipo hadithi ya mtaani inapoteleza. Walipatikana na hatia ya kula njama ya kuhodhi biashara ya kuyauzia makampuni hayo mabasi, mafuta na vipuri. Shtaka jingine, la kula njama ya kuhodhi usafiri wenyewe wa mijini, walilishinda. Hakuna hukumu inayosema hawa ndio walioua tramu. Dai hilo lilivuma zaidi mwaka 1974, mwanasheria Bradford Snell alipopeleka ripoti yake mbele ya kamati ndogo ya Seneti, na mwaka 1988 filamu uliyoitazama ikalipa sura ya mtu, koti jeusi na kicheko kibaya.

Kuna jambo jingine ambalo filamu ile inalipita haraka. Tramu nyekundu unazoziona mle, za Pacific Electric, hazikuwa mali ya National City Lines. Kampuni hiyo ilichukua tramu nyingine za Los Angeles, zile za njano, mwaka 1945. Nyekundu zilikuwa za shirika la reli la Southern Pacific, na kabla ya hapo zilijengwa na tajiri Henry Huntington, ambaye biashara yake kubwa ilikuwa viwanja. Alipeleka reli mashambani, viwanja vikapanda bei, akauza. Nauli haikuwa ndiyo iliyomtajirisha. Sasa jiulize: viwanja vikiisha kuuzwa, nani atalipia kutengeneza reli? Kisha watu walewale walionunua viwanja wakaanza kununua magari yao, na tramu ikawa inasubiri kwenye kila makutano, imekwama nyuma ya magari ya abiria wake wa jana. Katika filamu, mwaka 1947, mhusika mkuu hajawahi hata kusikia kuhusu barabara za magari ya kasi. Los Angeles ilikuwa imeshafungua ya kwanza, Arroyo Seco Parkway, Desemba 1940. Na tramu nyekundu ya mwisho, ya kwenda Long Beach, ilisimama tarehe 9 Aprili 1961, ikiwa mikononi mwa mamlaka ya umma na wala si ya tajiri yeyote.

Je, filamu ni ya uongo basi? Ni kichekesho chenye sungura wa katuni, na kichekesho kinahitaji adui. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua kanuni hiyo tangu utotoni: picha haijaanza mpaka umjue stelingi ni nani na adui ni nani. Silaumu. Ninachokuomba uone ni kile kilichopotea adui alipoingia. Alipoingia yeye, nauli ilitoka. Reli zilizochakaa zikatoka. Kura za wapiga kura waliotaka barabara za magari zikatoka. Kila kitu kilichochukua miaka 40 kikabanwa ndani ya koti la mtu mmoja.

Nikueleze jinsi tramu inavyokufa hasa, maana ukilielewa hili utatazama filamu yoyote ya usafiri kwa jicho jingine.

Reli ya tramu imelazwa katikati ya barabara, imezungukwa na mawe au lami. Gurudumu la chuma linapita juu yake kila dakika chache, kutwa, mwaka hadi mwaka, na chuma kinaliwa. Kwa miaka mingi abiria haoni kitu. Kisha unafika wakati reli yote ya mtaa inatakiwa kung'olewa kwa pamoja na kulazwa mpya, na bili inakuja kwa mkupuo. Uingereza kulikuwa na sheria ya tramu ya mwaka 1870 iliyoongeza mzigo: mwenye tramu alipaswa kutengeneza barabara yote iliyo kati ya reli zake, na inchi 18 kila upande. Ilitungwa enzi za farasi, kwato zilipokuwa zikichimbua barabara. Farasi walipoondoka na umeme ukaja, wajibu ulibaki. Kwa hiyo tramu ilikuwa ikitengeneza barabara ambayo basi la mshindani na lori la mfanyabiashara vilipita. Nauli nayo mara nyingi ilikuwa imefungwa. Miji mingi ya Marekani ilisaini mikataba ya senti 5, na vita vya kwanza vya dunia vilipopandisha bei ya kila kitu, senti 5 ikabaki senti 5. Mwenye tramu akafanya ambalo wengi wangefanya: akaahirisha matengenezo. Gari likaanza kuruka na kupiga kelele, abiria akachoka, mapato yakashuka, matengenezo yakaahirishwa tena.

Basi likaingia hapo. Halikuwa bora kila mahali, ila halikuja na bili ya reli.

Sasa rudi kwenye ile filamu ya London. Inaitwa The Elephant Will Never Forget, ya mwaka 1953, haizidi sana dakika 10, na aliyeitengeneza ni John Krish. Naipenda sana. Krish alitumwa na kitengo cha filamu cha shirika la umma la uchukuzi kupiga picha za sherehe ya kuaga tu, yeye akaenda akatengeneza filamu nzima, na akafukuzwa kazi kwa hilo. Wazee wale wawili uliowaona, jinsi walivyokaa na jinsi mji unavyopita dirishani, ni kazi ya mtu aliyejua anachokitazama kinaondoka. Lakini kamera yake ilifika mwishoni kabisa, Julai 1952. Mamlaka ya usafiri ya London iliundwa mwaka 1933, na kuanzia 1935 ikawa tayari inaziondoa tramu na kuweka mabasi ya umeme. Vita vikachelewesha kazi. Oktoba 1950 ikaanza awamu ya kumalizia, njia moja baada ya nyingine. Yaani Krish alipokuwa akipiga picha za watu wakiimba, uamuzi ulikuwa na umri wa kijana anayemaliza sekondari.

Kosa hili linafanywa na karibu filamu zote za kufutwa kwa tramu, na wala si kosa la nia mbaya. Siku ya mwisho inapigika picha. Ina tarehe, ina umati, ina gari lenye mapambo. Kuahirishwa kwa matengenezo hakuna sherehe. Hakuna mpiga picha aliyekwenda kwenye kikao cha saa tisa alasiri, ambapo mhasibu alisema bajeti ya reli isubiri mwaka ujao.

Kuhusu machozi, niruhusu nikutolee mfano wa Glasgow, Scotland. Tarehe 4 Septemba 1962 tramu zake zilipita kwa msafara wa kuaga, na watu wapatao 250,000 walijipanga barabarani. Mtengeneza filamu Kevin Brownlow alikuwa amepiga picha za wikendi ya mwisho kabla ya msafara huo na kutengeneza filamu ya Nine, Dalmuir West. Kuna jambo dogo la siku zile linalonigusa: watu walitega sarafu za peni juu ya reli, tramu ikapita, peni ikatoka imelala bapa na kujikunja, wakaiokota na kwenda nayo nyumbani. Fikiria mtu mzima, kwenye barabara yenye umati, anachuchumaa kuokota sarafu ambayo haitanunua tena chochote. Mapenzi yale yalikuwa ya kweli. Lakini kama robo milioni wale wangekuwa wanapanda kila siku na kulipa nauli inayotosha matengenezo, hesabu ingekuwa nyingine. Umati wa siku ya kuaga unakueleza watu wanakumbuka nini. Haukuelezi walikuwa wanasafiri kwa chombo gani. Ukiuchukulia kama ushahidi wa kwamba tramu ilinyang'anywa watu wakiwa bado wanaitegemea, utakuwa umekosea.

Ukitaka filamu iliyoonyesha tramu vizuri kuliko zote ninazozijua, tafuta Mahanagar ya mwongozaji wa India, Satyajit Ray, ya mwaka 1963. Haizungumzii kufutwa kwa chochote. Ni habari za mama wa nyumbani wa Kolkata anayeanza kazi. Lakini inafungua kwa kamera kukazia macho kijiti cha tramu kinachoteleza kwenye waya wa umeme, kinatetemeka, kinatoa cheche, huku majina yakipita. Hapo tramu ni ya kwenda kazini. Kolkata ilianza na tramu za farasi mwaka 1873, na mwaka 2024 serikali ya jimbo ikatangaza kuzifuta, ibaki njia moja fupi ya kumbukumbu. Anayetaka kujua mji umepoteza nini atajifunza zaidi kwa Ray, ambaye hakuwa akiaga.

Hata hapa kwetu hadithi hii si ngeni. Unguja ilikuwa na reli ndogo ya Bububu tangu mwaka 1905, ikitoka mjini na kupita kandokando ya nyumba za watu. Magari na barabara nzuri vilipofika, ikakosa abiria, na miaka ya 1920 haijaisha ikawa imekufa. Haikuhitaji adui.

Sasa tuje kwa babu yako. UDA iliundwa mwaka 1974 kutoka kampuni ya mabasi ya DMT, iliyoanza mwaka 1949 na kutaifishwa mwaka 1970. Watu wa umri wangu tunayakumbuka mabasi ya Ikarus, yale marefu yenye kiungo katikati tuliyoyaita kumbakumba. Ukisimama pale kwenye kiungo, basi likikata kona, sakafu inazunguka chini ya miguu yako na ile ngozi nyeusi ya pembeni inajikunja na kujikunjua kama kinanda. Yalikuwa mabasi mazuri. Yakafa vilevile kama tramu: nauli ilipangwa na serikali ili mfanyakazi aimudu, fedha za kigeni zikaadimika mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya mafuta kupanda bei na vita vya Kagera, vipuri havikuja, basi moja likawa linatolewa kifaa ili jingine litembee. Magari ya watu binafsi yaliyokuwa yakibeba abiria kwa kujificha yakaruhusiwa mwaka 1983, kwa nauli ya shilingi 5, dala, na jina likazaliwa. Babu yako aliyaona hayo kwa macho yake akiwa kwenye usukani. Ndani ya nyumba yenu kuna shahidi wa jambo ambalo filamu za London na Los Angeles hazikulionyesha.

Hapa lazima nikusahihishe jambo moja, na naomba ulipokee vizuri. Umeichukulia filamu yako kama filamu ya tramu. Siyo. Tramu za London na mabasi ya UDA yalikuwa yamedhoofika kabla ya kuondolewa. Daladala za Posta hazikuwa zimedhoofika. Zilikuwa zinajaa mpaka watu wananing'inia mlangoni. Ziliondolewa zikiwa hai, kwa mpango uliojulikana miaka kabla, ili kupisha mfumo mwingine kwenye barabara hiyohiyo, na Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kazi. Kwa hiyo ukiiga machozi ya London utakuwa umeazima msiba usiokuhusu. Swali lako ni jingine kabisa: gari zima, lenye abiria, lenye dereva na konda, lilikwenda wapi siku iliyofuata?

Na hili ndilo filamu za tramu hazijali kuliuliza. Tramu za kisasa zaidi za London, zilizoitwa Feltham, nyingi hazikuchomwa pamoja na tramu nyingine kwenye yadi ya Penhall Road. Ziliuzwa Leeds, mji mwingine wa Uingereza, zikapakwa rangi nyingine, zikabeba abiria wengine hadi Leeds nayo ilipofunga tarehe 7 Novemba 1959. Miaka saba baada ya watu kulia! Ningekuwa na umri wako na kamera yako, ningechagua daladala moja tu, yenye namba ninayoijua, na kuifuata. Iliuzwa? Ilipelekwa njia ya pembezoni? Ilipakwa ubavuni mstari wa rangi nyingine na kuandikwa jina la kituo kingine kwenye kioo? Konda alihama nayo, au alinunua bodaboda?

Tajiri mbaya unaweza kumbakiza ukitaka, ikiwa unatengeneza mchezo na mtazamaji anajua ni mchezo. Atakupa mvuto wa haraka. Gharama yake ni kwamba mtazamaji atatoka anamchukia mtu asiyekuwepo, na mwenye daladala mbili aliyekopa kuzinunua, ambaye habari yake ni ngumu na ya kweli zaidi, hataonekana. Ukiamua kutengeneza filamu ya makala, tajiri huyo mtoe kabisa. Konda anayelia nakushauri usimwandike. Mwache konda halisi aongee. Akilia, umepata machozi. Akicheka na kusema siku ile alilala mpaka saa nne kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, umepata kitu bora zaidi.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kukumalizia kwa kuandika. Kabla hujapiga picha za kuonyesha hadharani, nenda Bodi ya Filamu uulize kibali, na uende mwenyewe ukawaeleze mradi wako. Kumbukumbu za njia na leseni za wakati ule zilikuwa kwa SUMATRA, mamlaka iliyosimamia usafiri wa nchi kavu na majini, ambayo kazi zake za nchi kavu zilirithiwa na LATRA mwaka 2019. Andika barua, kisha uifuatilie kwa miguu. Picha na magazeti ya enzi za UDA katafute kwenye mkusanyiko wa East Africana, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Kumbukumbu za Taifa, Upanga. Ukitaka kutumia vipande vya filamu za wengine, hata sekunde chache, au kama kuna mtu unamtaja kwa jina kwenye jambo lenye lawama, kaa na mwanasheria kabla ya kuhariri. Na kama konda unayemhoji alipoteza kipato na bado hajakaa sawa, usimkalie na kamera ukichimba kidonda. Izime, mnyweshe chai, mrudie siku nyingine akiwa na mtu wake.

Lakini hayo yote ni ya mwezi ujao. Wiki hii anza na babu. Weka kamera mezani, isimame yenyewe, umwamkie, ukae usawa wa macho yake. Usimuulize alijisikiaje. Muulize nauli ilikuwa kiasi gani siku aliyoanza kazi, na ilikuwa kiasi gani siku aliyoacha. Kisha muulize, basi likiharibika kipuri kilitoka wapi. Akinyamaza kidogo akikumbuka, usijaze ule ukimya.